Ujanja Ulioanzia Kwenye Rangi

Mwaka 1993 hifadhi ya filamu ya Catalonia, mjini Barcelona, ilipewa mkusanyiko wa filamu za kale na mtu ambaye hakutaka jina lake litajwe. Ndani yake kulikuwa na rili moja iliyokauka na kushikamana tabaka kwa tabaka hadi ikawa kitu kimoja kigumu. Asiyejua angeitupa. Kumbe ilikuwa nakala ya safari ya mwezini ya Georges Méliès, filamu ya mwaka 1902 ambayo hata wasioijua kwa jina wanaijua kwa sura: mwezi wenye uso wa mtu, na kombora limeuchoma jichoni. Ajabu zaidi, rili ile ilikuwa na rangi, na watafiti walikuwa wameshakata tamaa ya kuiona nakala ya rangi ya filamu hiyo.

Serge Bromberg na Eric Lange, waokoaji wa filamu wa kampuni ya Lobster ya Paris, waliipata kwa kubadilishana na filamu nyingine. Wakaanza kuibandua fremu baada ya fremu, wakitumia mvuke wa kemikali kuilainisha seluloidi. Kilichobanduka kilipigwa picha upesi kabla hakijaharibika. Kisha kazi ikawekwa kando kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kompyuta za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kuviunga vipande vile. Ilipofika mwaka 2010 ikawezekana, na Mei 2011 filamu hiyo yenye fremu 13,375 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes.

Kuna bendera inayopeperushwa ndani ya filamu hiyo. Katika nakala ya Barcelona imepakwa nyekundu na manjano, rangi za Hispania, ingawa aliyeitengeneza filamu ni Mfaransa na waigizaji wake ni Wafaransa. Inaelekea nakala ilikuwa ya mteja wa Hispania, na wapakaji wakaamua kumfurahisha. Mteja angekuwa wa nchi nyingine, labda bendera ingebadilika. Ujanja wa namna hiyo leo hufanywa kwa kompyuta. Mwaka 1902 ulifanywa kwa brashi.

Vitabu vingi vya historia ya sinema huitenga habari ya rangi na habari ya ujanja wa kamera, kila moja na sura yake. Ukizifuatilia kwa karibu, unakuta watu ni walewale. Aliyepaka rangi ndiye aliyebuni kiinimacho, na aliyekuwa bingwa wa kiinimacho ndiye aliyehangaika kuinasa rangi. Na kila hatua iliyopigwa upande mmoja ilifungua mlango upande wa pili.

Méliès mwenyewe alianza na mazingaombwe. Baba yake alikuwa na kiwanda cha viatu, lakini kijana hakuvutiwa na ngozi; mwaka 1888 alinunua ukumbi wa Robert-Houdin jijini Paris, mahali palipojulikana kwa kupoteza watu na kuwarudisha mbele ya macho ya wateja. Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa miongoni mwa walioshuhudia onyesho la sinema la ndugu Lumière kwenye mgahawa wa Grand Café. Alitaka kununua mtambo papo hapo. Mzee Antoine Lumière alikataa. Basi Méliès akavuka bahari hadi London, akanunua mashine ya Robert Paul, akarudi na kuirekebisha iwe kamera.

Hadithi aliyopenda kuisimulia ni ya siku alipokuwa akipiga picha uwanja wa Opéra. Ukanda ukakwama, akaufungua, akaendelea. Alipoiona filamu, basi la abiria lililokuwa likipita likageuka ghafla kuwa gari la kubebea maiti. Ni hadithi tamu, na huenda ina chumvi. Marekani walikuwa wameshaufanya ujanja huo kabla yake: mwaka 1895, akiwa na kampuni ya Edison, Alfred Clark alipiga filamu fupi ya kukatwa kichwa Malkia Mary wa Scotland. Mwigizaji akapiga magoti, kamera ikasimamishwa, akaondoka, kikawekwa kinyago, kamera ikawashwa, shoka likashuka. Kitu chote hakifiki nusu dakika. Isitoshe, watafiti waliozichunguza filamu za Méliès kwa lenzi wamekuta alama za gundi kila mahali panapotokea mabadiliko. Maana yake hakusimamisha kamera tu. Alikaa na mkasi, akakata fremu za ziada, akaunga ukanda ili mruko usionekane. Bahati ya uwanja wa Opéra, kama ilitokea, ilimwonyesha njia. Kazi aliifanya mezani.

Katika filamu ya mwaka 1898 alivua kichwa chake mara kwa mara na kukipanga mezani hadi vikawa vichwa vinavyoimba pamoja. Alikuwa akipiga picha juu ya picha kwenye ukanda uleule, akiacha sehemu nyeusi ambayo mwanga haujaigusa. Mwaka 1901 alikijaza kichwa chake upepo kama mpira hadi kikapasuka. Kumbe kamera haikusogea, yeye ndiye aliyevutwa kwenye kigari kuelekea kamera huku mwili umefunikwa kwa kitambaa cheusi. Hadi leo ukiitazama unacheka.

Sasa, filamu za wakati huo zilikuwa na upofu. Dawa iliyopakwa kwenye ukanda iliiona buluu vizuri, lakini nyekundu haikuiona kabisa. Midomo myekundu ilitoka myeusi. Anga la buluu lilitoka jeupe. Méliès hakutaka kubahatisha, kwa hiyo katika studio yake ya vioo aliyoijenga Montreuil mwaka 1897 alipaka mandhari, nguo na hata nyuso kwa rangi za kijivu, kutoka hafifu hadi nzito. Ulimwengu wake wote ulikuwa wa kijivu mpaka ulipofika kwenye karakana ya Bi. Elisabeth Thuillier.

Thuillier alikuwa na karakana Paris, yenye wanawake wapatao 200. Alieleza uzeeni kwamba usiku alichagua na kujaribu rangi, na mchana wafanyakazi wakazipaka, kila mmoja akishika rangi moja tu. Fremu ilipitia mikononi mwa mwanamke wa nyekundu, ikaenda kwa wa manjano, kisha kwa wa kijani, na rangi za filamu moja ziliweza kuzidi 20. Fremu yenyewe haizidi stempu ya posta. Dakika moja ya filamu ilikuwa na fremu zipatazo 960, na kila nakala iliyouzwa ilipakwa upya toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna nakala mbili zilizofanana. Ukitazama sinema hizo leo unaona rangi ikitetemeka, ikivuka mpaka wa nguo na kurudi, kwa sababu hakuna mkono uwezao kupita mahali palepale mara elfu moja. Jina la mwenye karakana limebaki. Majina ya wanawake wenyewe hayakuandikwa popote kwenye filamu walizozipaka.

Kampuni ya Pathé iliona kwamba biashara hii haiwezi kukua kwa brashi. Kuanzia katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 20 ikaingiza stensili: wafanyakazi, wengi wao wanawake tena, walikata matundu kwenye ukanda mmoja kwa kila rangi, kisha mashine ikapitisha rangi kwenye matundu hayo. Stensili ikishakatwa, nakala hata mia moja zinapakwa kwa usawa.

Hapo ndipo anapoingia Segundo de Chomón, Mhispania wa Teruel. Yeye na mkewe Julienne Mathieu walikuwa na uzoefu wa kupaka filamu kwa mkono kabla hajawa bwana wa ujanja wa Pathé, mpinzani wa Méliès. Mtu aliyezoea kuitazama sinema fremu moja moja ili aipake, ni rahisi kwake kufikiri kuipiga fremu moja moja. Katika filamu yake ya hoteli ya umeme, ya mwaka 1908, mizigo inajifungua yenyewe, brashi inapiga viatu rangi bila mkono wa mtu, na Julienne anasukwa nywele na hewa. Kila kitu kilisogezwa kidogo, kikapigwa picha, kikasogezwa tena. Baadaye Chomón aliajiriwa Italia kwenye filamu ya Cabiria ya mwaka 1914, na bado alikuwa akifanya kazi ya ujanja kwenye Napoléon ya Abel Gance mwaka 1927.

Zilikuwapo pia njia za mkato. Ukanda mzima ulichovywa kwenye rangi: buluu kwa usiku, manjano ya kaharabu kwa mchana au mwanga wa taa, nyekundu kwa moto. Watu wanaodhani sinema ya kimya ilikuwa nyeusi na nyeupe wamedanganywa na nakala za baadaye zilizorudufiwa bila rangi.

Kupaka ni jambo moja, kunasa rangi ya kweli ni jambo lingine. Wa kwanza kufika karibu ni Edward Raymond Turner, Mwingereza kijana aliyesajili hataza mwaka 1899 pamoja na mfadhili wake Frederick Lee. Aliweka gurudumu lenye vioo vya nyekundu, kijani na buluu mbele ya lenzi, likazunguka ili kila fremu ipate rangi yake kwa zamu. Alimpiga picha kasuku mkubwa, akapiga samaki kwenye bakuli, akawapiga watoto wake wakiwa na maua ya alizeti. Kupiga aliweza. Kuonyesha kulimshinda: projekta ilitakiwa kurusha fremu tatu kwa wakati mmoja na kuzilaza moja juu ya nyingine, na hazikulala. Mwaka 1903 alikufa ghafla katika karakana yake, akiwa na umri wa miaka 29. Filamu zake zilikaa kwenye makumbusho hadi mwaka 2012, wataalamu wa jumba la makumbusho la Bradford walipozilaza kwa kompyuta, na kasuku akaonekana na manyoya yake mekundu kwa mara ya kwanza.

Charles Urban, aliyekuwa akigharamia majaribio ya Turner miaka yake ya mwisho, alimkabidhi kazi George Albert Smith wa Brighton. Na Smith naye alikuwa nani? Alianza jukwaani kama mtu wa kuwalaza watu usingizi kwa macho na maneno. Baada ya kuingia kwenye sinema mwaka 1897 alicheza na mizimu: alipiga picha mara mbili juu ya ukanda mmoja hadi ukuta ukaonekana kupitia mwili wa binadamu. Aliandikiana barua na Méliès. Ndiye huyu aliyeamua kuachana na rangi tatu zilizomshinda Turner na kubakisha mbili, nyekundu na kijani, akiamini jicho la mtazamaji litajaza pengo. Hata yeye aliijua sinema ya rangi kuwa kiinimacho. Tofauti ni kwamba safari hii anayedanganywa ni ubongo.

Mtambo wao waliuita Kinemacolor, ukaonyeshwa hadharani London mwaka 1909. Ulizungusha fremu mara mbili ya kasi ya kawaida, fremu hii kupitia kioo chekundu, ifuatayo kupitia kijani. Kitu kikitulia, rangi ilipendeza. Kikikimbia, kilitoka na pindo jekundu upande mmoja na la kijani upande wa pili, maana kati ya fremu mbili kilikuwa kimeshasogea. Urban akachagua mada isiyokimbia sana: sherehe za Mfalme George wa Tano mjini Delhi, Desemba 1911. Filamu ile ya tembo, vilemba na vito, iliyochukua karibu saa mbili na nusu, ilizijaza kumbi za London mwaka uliofuata. Kisha mshindani, William Friese-Greene, akaipinga hataza yao mahakamani, na kufikia 1914 ilibatilishwa. Moja ya sababu ilikuwa kwamba hataza ilidai kuonyesha rangi za asili, ilhali buluu haikuweza kuitoa.

Marekani, Herbert Kalmus na Daniel Comstock, wote wawili watu wa taasisi ya teknolojia ya MIT, walianzisha kampuni ya Technicolor katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Silabi ya kwanza ya jina hilo ni heshima kwa chuo. Filamu yao ya kwanza, ya mwaka 1917, ilihitaji projekta maalumu yenye mtaalamu wa kuichezea kila dakika, haikufaa. Ya mwaka 1922, iliyomwinua Anna May Wong akiwa bado msichana, ilipita kwenye projekta ya kawaida. Zote zilikuwa za rangi mbili. Mapinduzi yalikuja mwaka 1932.

Kamera mpya ya Technicolor ilikuwa na mikanda mitatu ndani. Mwanga ukiingia kwenye lenzi ulikuta prizimu yenye kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Iliyopita moja kwa moja iliandika kijani. Iliyogeuzwa ilikutana na mikanda miwili iliyobanana, mmoja ukaandika buluu na mwingine nyekundu. Mikanda yote mitatu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hili ni la kushika, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Rangi iliingia maabarani tu, pale kila mkanda ulipotengenezewa muhuri, ukachovywa rangi yake na kugongwa juu ya nakala mpya, manjano, majenta na buluu-kijani, kama wachapaji wa vitambaa wanavyofanya. Walt Disney aliiwahi, akatoa katuni yake ya maua na miti mwaka huohuo wa 1932 na kupata Oscar. Filamu ndefu ya kwanza ya waigizaji, Becky Sharp, ilitoka 1935.

Kampuni haikuuza kamera. Ulikodi, na ukikodi ulipewa na mpigapicha wake, na mshauri wa rangi, mara nyingi Natalie Kalmus, mtalaka wa mwenye kampuni, aliyekuwa na neno juu ya kila pazia na kila gauni. Waongozaji wengi walimchoka. Mwanga uliohitajika ulikuwa mwingi kiasi kwamba waigizaji walipikika.

Kabla ya kuiacha nyeusi na nyeupe, kuna ujanja mmoja unaostahili heshima. Mwaka 1931 Rouben Mamoulian alitengeneza filamu ya Dakta Jekyll anayegeuka kuwa Hyde. Uso unabadilika mbele ya kamera: makunyanzi yanatokea, macho yanazama, hakuna mkato hata mmoja. Mamoulian aliificha siri hiyo kwa miaka mingi. Mwigizaji Fredric March alikuwa amepakwa makunyanzi ya rangi nyekundu, kisha mpigapicha Karl Struss akaweka kioo chekundu mbele ya lenzi. Nyekundu kupitia nyekundu haionekani. Kioo kilipobadilishwa taratibu kuwa cha kijani, makunyanzi yakatokea kana kwamba yanatoka ndani ya ngozi. Struss alikuwa ameshautumia ujanja wa aina hiyo kwenye Ben-Hur ya mwaka 1925, kwa wakoma wanaoponywa. Mtazamaji hakuona rangi hata kidogo, lakini rangi ndiyo iliyomtisha.

Studio ya MGM ilipoanza kutengeneza The Wizard of Oz mwaka 1938, ilikuwa na kamera ya Technicolor na tatizo. Hadithi inaanzia Kansas, mahali pakavu pa rangi ya hudhurungi, kisha Dorothy anafungua mlango na kuiona nchi ya Oz. Mlango unafunguka bila picha kukatwa. Utaonyeshaje hudhurungi tupu na rangi zote ndani ya fremu moja? Hawakuitafuta mashine. Walipaka kuta za ndani ya nyumba rangi ya hudhurungi, wakamvika Bobbie Koshay, mbadala wa Judy Garland, gauni la hudhurungi, wakapiga kila kitu kwa kamera ya rangi. Koshay anafungua mlango, anajitoa pembeni, na anayetoka nje ni Garland mwenyewe katika gauni lake la buluu na nyeupe. Ni brashi ya Thuillier tena, ila sasa imepakwa juu ya mbao na nguo. Katika historia yote ya ujanja wa sinema ni vigumu kupata ulio mwepesi kuliko huo wenye nguvu kiasi hicho.

Viatu vya Dorothy katika kitabu ni vya fedha. Kwenye filamu vikawa vyekundu kwa kuwa fedha ingeipotezea Technicolor nafasi ya kujionyesha. Farasi wanaobadilika rangi walipakwa unga wa jeli, na ikabidi wapigwe picha haraka kwa sababu walikuwa wakijilamba. Kimbunga kilikuwa mfuko mrefu wa kitambaa, urefu wa mita kama 10, uliozungushwa na kuvutwa na watu wa Arnold Gillespie huku vumbi likipulizwa.

Kulikuwa na gharama ambayo haikuonekana kwenye pazia. Buddy Ebsen, aliyechaguliwa kuwa mtu wa bati, alipakwa vumbi la aluminiamu, likamwingia mapafuni na kumlaza hospitali. Nafasi yake ikachukuliwa na Jack Haley. Desemba 1938 Margaret Hamilton, yule mchawi, alitakiwa kutoweka katika moshi na moto kupitia mlango wa sakafuni. Moto ukawashwa mapema. Akaungua uso na mkono, na kilichozidisha hatari ni rangi ya kijani aliyopakwa, iliyokuwa na shaba ndani yake. Ilibidi isuguliwe kwa alkoholi palepale, juu ya ngozi iliyoungua. Alirudi kazini baada ya wiki kadhaa, kwa sharti kwamba mambo ya moto asiguswe nayo tena.

Wakati huohuo, Uingereza, Alexander Korda alikuwa akitengeneza The Thief of Bagdad kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, zile ambazo mwambao wa Afrika Mashariki unazijua tangu zamani. Steringi ni Sabu, kijana wa Mysore aliyekulia kwenye zizi la tembo. Adui ni Jaffar, na jini la chupani ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi mwenye sauti ya radi. Vita vilipoanza Septemba 1939 kazi ikahamishiwa Marekani. Hadithi ilidai jini refu kama mnara lisimame na kijana kwenye picha moja, zulia liruke, farasi wapae. Kwa filamu nyeusi na nyeupe mafundi walikuwa wameshajua njia za kumkata mtu na kumbandika penginepo. Kwa rangi, njia hizo hazikufua dafu.

Larry Butler, fundi wa Korda, akaitazama ile mikanda mitatu. Kama kila mkanda unaiona rangi moja tu, basi ukimsimamisha mwigizaji mbele ya pazia la buluu, mkanda wa buluu utaliona pazia linang'aa, na mkanda wa nyekundu utaliona limezama gizani. Ngozi ya binadamu, nyeusi kwa nyeupe, ina buluu kidogo kuliko rangi nyingine, ndiyo maana buluu ikachaguliwa. Ukiilinganisha mikanda hiyo miwili, unapata kivuli halisi cha mwigizaji, kinachosogea naye fremu kwa fremu. Kwa kivuli hicho unaziba nafasi yake kwenye picha ya mawingu. Kwa kinyume chake unamchukua yeye peke yake. Ukichapa vyote pamoja, jini limesimama kwenye korongo. Kingo zake zinaonekana, ukitazama vizuri kuna uzi wa buluu kwenye nywele. Lakini mwaka 1940 hakuna aliyelalamika, na filamu ikatwaa Oscar tatu: ya upigaji picha wa rangi, ya mandhari na ya ujanja wa kamera.

Pazia la kijani linalotumiwa leo, hata na watangazaji wa hali ya hewa, ni mjukuu wa pazia hilo la buluu. Rangi imebadilika kwa sababu kamera za kidijitali huiona kijani vizuri zaidi.

Kamera nzito ya Technicolor ilifika pia huku Afrika. King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, ilimpa Robert Surtees Oscar ya upigaji picha wa rangi. Mwaka 1951 John Huston alimpeleka Jack Cardiff na kamera yake ya mikanda mitatu kwenye mto Ruiki, upande wa Kisangani ya leo, na baadaye Uganda, kupiga The African Queen. Hadithi ni ya Vita Kuu ya Kwanza katika koloni la Wajerumani, na meli ya adui imechukua wazo lake kwa Graf von Götzen, ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba. Siafu waliwavamia kambini, maji yakawalaza wengi. Humphrey Bogart na Huston walijisifu kwamba wao walinusurika kwa kunywa wiski. Hata hivyo vipande vya kuogelea vilipigwa kwenye tangi la studio London, na mashua inayopita kwenye maporomoko ni ya mfano. Msitu wa kweli na maji ya bandia vilikutana kwenye meza ya kukatia filamu.

Zama hizo hazikudumu. Mwaka 1950 Kodak ilileta negativu moja yenye tabaka za rangi tatu ndani yake, rahisi, iliyoingia kwenye kamera yoyote. Foxfire, ya mwaka 1955, ilikuwa filamu ya mwisho ya Hollywood kupigwa kwa mikanda mitatu. Watengenezaji walishangilia, mpaka baada ya miaka 20 hivi walipofungua makopo na kukuta filamu zao zimegeuka waridi. Rangi za negativu mpya zilikuwa zimefifia. Za Technicolor hazikufifia, kwa sababu ndani ya mikanda yake mitatu hapakuwa na rangi ya kufifia. Kulikuwa na fedha tu, nyeusi na nyeupe.

Mikanda ya The Red Shoes, filamu ya mwaka 1948 iliyopigwa na Cardiff, ilikutwa na ukungu na imesinyaa, kila mmoja kwa kiasi chake, hivi kwamba picha tatu hazikulala tena moja juu ya nyingine. Ni tatizo lilelile lililomshinda Turner. Safari hii kompyuta zilikuwapo, na mwaka 2009 filamu ikaonyeshwa upya Cannes. Studio kubwa za Marekani nazo zikajifunza: filamu ya rangi wanayotaka idumu huigawa mara tatu, kila rangi kwenye ukanda wake mweusi na mweupe, na mikanda hiyo ndiyo inayopelekwa ghalani.